Ramani Niliyoichora Juu ya Gunia la Mchele

Vijana wangu, kabla hamjaiwasha hiyo kompyuta, niambieni mnachora nini. Msiniambie "bango". Bango la nani? Litatundikwa wapi? Atakayelisoma anatembea kwa miguu, yuko juu ya pikipiki, au ameketi kwa kinyozi akisubiri zamu yake? Kama hamjui, zimeni mashine mtafute penseli na karatasi. Nimeyasema haya mpaka wafanyakazi wa lile duka la uchapaji la Nyeri wakawa wanaigiza sauti yangu nikigeuka. Waigize tu. Nimestaafu nikiwa na macho yote mawili, goti moja na nusu, na heshima yangu nzima.

Jina langu ni Nyambura, lakini kutoka Nyeri mpaka Naro Moru walinijua kama Mama Brashi. Kwa miaka mingi niliandika majina ya maduka kwa rangi na brashi: hoteli, vinyozi, maduka ya dawa za mifugo, mashine za kusaga unga, makanisa. Wakati huo mwanamke juu ya ngazi, amevaa suruali ya kaka yake, alikuwa sinema ya bure. Wengine walisema nitaanguka, wengine walisema sitaolewa. Sikuanguka, na mume nilimpata chini ya hiyo hiyo ngazi, alikuwa ameishikilia isiteleze.

Ngojeni niwaambie kosa langu la mji mdogo wa Chaka, maana mtu anayejisifu bila kutaja makosa yake ni mwongo. Mwenye buchari mmoja pale aliniita nimwandikie jina. Duka lake lilikuwa na milango miwili ya mbao, mipana, mizuri, imepigwa randa. Nikaona hapa ndipo. Nikagawanya jina nusu huku, nusu kule, na katikati kichwa cha kondoo dume ambacho hata kondoo wenyewe wangekisalimia. Siku tatu nilikuwa pale. Siku ya nne mwenye duka akafungua biashara. Milango ikafunguka nje, ikarudi nyuma mpaka ikalala ukutani, na jina lake likageukia mawe.

"Mama, ati jina yangu inasomwa na ukuta?" akaniuliza.

"Ukifunga inasomeka vizuri sana," nikamjibu. Kiburi changu kilikuwa bado kibichi.

"Na nikifunga, nani atanunua nyama?"

Niliandika upya juu ya ukuta, bila malipo, na yeye akanionea huruma akanichomea mbavu. Nilizila huku nimetazama chini. Nilikuwa nimechora mlango bila kuuliza mlango huo unafanya kazi gani mchana kutwa. Lishikeni hilo, kwa sababu mimi niliyeapa kutolirudia nililirudia, na safari hiyo nusura linitoe kwenye kazi kabisa.

Kisha ikaja mashine ya kuchapa mabango. Kazi niliyoifanya kwa siku tatu, mashine iliitema kabla chai haijapoa. Wateja wangu waliniaga mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka matangani. Aliyenibakiza mjini ni Bi Zuhura. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mwislamu wa pale pale Nyeri, ambaye ukimuuliza kabila lake alikuwa akikuuliza nawe una dakika ngapi. Alikuwa amefungua duka la uchapaji karibu na soko. Zamani alikuwa akinipa kazi za brashi, na kazi zilipokwisha akanipa kiti mbele ya kompyuta. Nilikuwa nimepita hamsini. Kompyuta hiyo aliijua mtu mmoja tu, mpwa wake Idrisa, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyesomea kazi hii Nairobi na ambaye vidole vyake vilikwenda kasi kuliko maelezo yake.

Wiki ya kwanza niliona aibu tupu. Siku moja nilimaliza kujaza herufi rangi nyekundu, nikainama nikaipuliza ili ikauke. Nilipuliza skrini, jamani! Idrisa alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, halafu nikaenda chooni nikakaa huko kwa muda, kwa sababu kicheko changu kilikuwa cha uongo. Niliona kila kitu nilichokijua kimekwisha kazi.

Bi Zuhura alinisubiri nitoke.

"Nyambura, kwani hiyo mashine inauma?"

"Bi Zuhura, kichwa yangu imejaa. Hakuna mahali naweza kuweka hii vitu yote. Afadhali nirudi Kieni nilime viazi."

"Basi tukitoe nje hicho kichwa, tukione."

Akatandaza karatasi ya manila mezani, ile kubwa ya kufundishia, akanipa penseli. Aliniambia niandike neno KUCHORA katikati na nilizungushie duara. Kutoka kwenye duara nitoe matawi, kila tawi neno moja: herufi, rangi, nafasi, mteja, mahali, mashine. Kisha kila tawi nilitolee vijiti vya kile ninachokijua tayari. Aliiita ramani ya mawazo. Alisema darasani alikuwa akiitumia kwa watoto waliokuwa wakijiona wajinga.

Nikaanza kwa shingo upande. Herufi: nene kwa mbali, nyembamba kwa karibu. Zikiwa kubwa zote tangu mwanzo hadi mwisho zinachosha jicho. A na V zikikaa jirani zinaacha pengo, kwa hiyo zisogeze. Rangi: njano juu ya nyeusi inashinda vumbi la Kieni, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuliwa na jua. Nafasi: usijaze ukuta mpaka kona, uache upumue. Mteja: anasema anataka jina kubwa, lakini anachotaka hasa ni kumshinda jirani yake. Niliandika mpaka penseli ikaisha ncha, nikaichonga kwa meno. Nilipoinua kichwa, karatasi ilikuwa imejaa pande zote isipokuwa upande mmoja. Tawi la mashine lilikuwa limesimama peke yake bila kijiti hata kimoja.

Bi Zuhura akaweka kidole hapo. "Matawi matano umeyajaza. Na kwa hili moja ulitaka kwenda kulima viazi?"

Nilitoka nyuma ya duka nikalia, na sioni haya kuwaambia. Nililia kwa furaha. Miaka yote ile niliyokuwa juu ya ngazi nilikuwa nikisoma, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hicho nilichokuwa nikisoma kina jina na kinafundishwa vyuoni.

Kuanzia siku hiyo nilijifunza mashine kwa ramani, moja kila asubuhi, kabla Idrisa hajaitaka kompyuta. Nawapa siri zake bure. Chora kwa mkono, kwa sababu mkono una kumbukumbu yake. Tawi moja, neno moja. Ukianza kuandika sentensi ujue umeanza barua. Neno likikukataa, chora picha. Mimi tabaka za kwenye kompyuta zilinichanganya, ile habari ya kitu kimoja kukaa juu ya kingine bila kushikana, mpaka nilipochora chapati tatu zimepangana kwenye sahani. Ukitaka kula ya katikati, unainua ya juu, huipasui. Basi, nikaelewa. Na tawi ambalo halijajaa usilifute kwa aibu. Liache wazi ulione kila siku likikudai.

Makosa yalikuwepo, tena ya kutosha. Kina mama wa kanisa moja walitaka bango la sherehe yao, lenye bluu ya vitambaa vyao vya kichwani. Kwenye skrini bluu iliwaka vizuri ajabu. Kwenye bango ikatoka zambarau, na zambarau ni vitambaa vya kanisa la ng'ambo ya barabara. "Nyambura, umetuhamisha dini ama?" kiongozi wao akaniuliza, na hakuwa akitania. Nilichapa upya, na jioni ile nikachora ramani ya rangi yenye pande mbili: upande wa mwanga na upande wa wino. Skrini inawaka, karatasi haiwaki. Chapeni kipande kidogo kwanza, mkitoe nje mkione juani.

Sasa Idrisa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Baada ya miezi kadhaa alimwendea shangazi yake, nami nasikia.

"Shangazi, kompyuta ni moja. Mama Brashi anachora maramani yake hadi saa nne, mimi wateja wananingoja. Hii maneno ya penseli ilipitwa na wakati."

Bi Zuhura akasema: "Kuna kina mama wa Wang'uru wanataka mfuko mpya wa mchele wao. Kila mmoja wenu achore wake, wachague wenyewe. Wakichagua wa Nyambura, kiti ni chake mpaka atakapochoka. Wakichagua wa Idrisa, Nyambura, utaniwia radhi, kiti kitakuwa chake."

Nilimwambia sina kinyongo. Lakini njia nzima ya nyumbani niliwaza. Shamba langu la viazi Kieni lilikuwepo, na viazi si kazi mbaya, ila mimi ni mtu wa herufi. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, watoto wameolewa na kuoa. Kama nisingekuwa Mama Brashi, sikujua ningekuwa nani asubuhi nikiamka.

Nilichora ramani kubwa ya ule mfuko, nimeketi Nyeri, na matawi yote nikayajaza mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akiuza mchele Wang'uru, lakini nilijaza. Nikajiona bingwa. Nikabuni mfuko angavu unaoonyesha mchele, na jina la kikundi nikaliweka juu kabisa, kwa herufi nilizozipenda, kwa sababu maisha yangu yote jina la duka nimeliweka juu ya mlango. Idrisa alichora Mlima Kenya, mashamba ya kijani na jua linachomoza, mfuko mzima kutoka juu hadi chini. Tukachapa sampuli, tukaingia kwenye gari lake, tukashuka hadi Wang'uru, pale kando ya barabara kina mama wanapouzia.

Mwenyekiti wa kina mama, Mama Muthoni, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alijaza mchele kwenye mfuko wangu, akausokota shingo, akaifunga kwa kamba. Kisha akaugeuza huku na huku.

"Jina yetu iko wapi?"

Jina lilikuwa ndani ya fundo. Nilikuwa nimelinyonga kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamkumbuka yule bwana wa buchari, nikatamani ardhi inimeze na sampuli zangu.

Akachukua wa Idrisa. "Huu nao ni mzuri sana. Lakini mchele iko wapi?"

Kina mama wakaangua kicheko. Mama Muthoni akatutazama sote wawili. "Mmoja ameficha jina, mmoja ameficha mchele. Rudini wiki ijayo. Mkikosea tena tutaenda kwa mtu wa Embu."

Idrisa akaanza kupanga vitu garini. Mimi nikakataa kuondoka. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu nikiwa na penseli huwa ya faida. Nikatandaza karatasi juu ya gunia la mchele, nikaandika MFUKO katikati, nikamwambia Mama Muthoni: "Wewe uza tu. Jifanye siko."

Mchana ule sikujaza tawi lolote kwa akili yangu. Nilingoja walijaze wao. Gari likasimama, bwana mmoja akashuka akauliza, "Hii ni pishori ya ukweli?" Mama Muthoni alifungua kamba, akampelekea mfuko puani. Bwana akavuta harufu akafumba macho, akanunua mifuko miwili. Nikaandika tawi: pua. Ndiyo maana hawaifungi kwa moto, wanaifunga kwa kamba. Pishori ni mchele wa kunukia, na mtu huununua kwa pua kwanza. Basi shingo ya mfuko iachwe tupu, ni ya kufunguliwa na kufungwa mara ishirini kwa siku. Mama mwingine alibonyeza tumbo la mfuko akichunguza kama mchele umevunjika. Nikaandika: kidole. Tumbo nalo liachwe wazi. Nikabaki na tawi moja: jicho la barabarani. Wenye magari wanaona nini kabla hawajasimama? Hapo sikuwa na neno, nami nikaliacha wazi.

Nilivuka barabara kwenda kutafuta chai. Nikiwa na kikombe mkononi nikageuka. Mifuko ilikuwa imelazwa, imepangwa juu kwa juu kama matofali, shingo zimeelekea kwa wauzaji ili wafungue upesi. Vitako vyote vilikuwa vimeelekea barabarani. Ulikuwa ukuta mzima, safu juu ya safu, na hakuna mtu aliyekuwa ameuandikia kitu. Vijana, mtu aliyepata riziki yake kwenye kuta miaka yote ile akiona ukuta mtupu kando ya barabara kuu, mkono unamwasha. Niliacha chai palepale.

Kwenye gari nilimwambia Idrisa. Alikaribia kutoka barabarani.

"Anti, nani anaandika jina kwa kitako?"

"Mtu anayetaka isomwe."

Wiki hiyo sikulala sana wala sikula vizuri. Kitako cha mfuko kina kiungo na mkunjo, na ukijaza mchele kinavimba, herufi zinajikunja na kutoweka. Lakini mimi niliwahi kuandika kwenye mabati, na kwenye mabati herufi huingia bondeni, kwa hiyo unazipanua pale zinapozama. Nilijaza mfuko mtupu mchele, nikaandika jina kwa kalamu kwenye kitako kilichovimba, nikaumwaga mchele, nikautandaza mfuko nione herufi zimekuwaje. Zilikuwa zimepinda kama midomo ya wazee. Hivyo hivyo zilivyopinda ndivyo nilivyotakiwa kuzichora, ili mfuko ukijaa zinyooke. Sikujua jinsi ya kuzipinda kwenye mashine, na aliyenionyesha ni Idrisa mwenyewe. Alisimama nyuma yangu muda mrefu, mwishowe akasema, "Sogea kidogo anti, kuna njia rahisi." Sikuisahau roho hiyo.

Tuliporudi Wang'uru, yeye alikuwa ameutengeneza wake upya. Kwenye mlima alikuwa ameacha dirisha la kuonyesha mchele, na kwa kweli ulikuwa mzuri kuutazama. Wangu ulikuwa na mstari mmoja wa kijani tumboni, shingo haina kitu, na jina chini. Tuliiweka mezani miwili sambamba, na kina mama wote wakauegemea wa Idrisa. Mmoja akaugeuza wangu akasema, "Huyu mama aliandika hii akiwa amelala?" Nikaona viazi.

Lakini kuna wakati mtu hajitetei kwa upole.

"Msichague kwa meza!" nikasema kwa nguvu, hata watu wa duka jirani wakageuka. "Kwani nyinyi huuza kwa meza? Pangeni vile mnapangaga kila siku."

Wakapanga. Upande mmoja mifuko ya Idrisa, upande mwingine yangu, imelazwa, shingo ndani. Mama Muthoni akajifunga leso kiunoni, akangoja lori lipite, akavuka barabara. Akatazama. Akasogea hatua chache kushoto, akasogea kulia. Mimi nilikuwa nimeshika penseli kwa mikono miwili.

Akainua mikono yote juu.

"Inasomeka!" Sauti ile ya kuita ng'ombe ikavuka barabara yote. "Mama Brashi! Inasomeka mpaka huku!"

Kina mama wakaacha biashara wakakimbilia ng'ambo kujionea, mchele ukabaki na mimi na Idrisa tukiulinda. Huko ng'ambo wakaanza kusoma jina lao kwa sauti, kila mfuko, safu baada ya safu, kama watoto wa darasa la kwanza. Halafu mmoja akasema mfuko huu umezaliwa leo, upigiwe ngemi, vile vigelegele vyetu vya mtoto mchanga. Ukazuka ubishi pale pale kando ya lami: zipigwe tano za mvulana, au tatu za msichana? Mama Muthoni akaamua zipigwe zote.

Idrisa alikuwa amekwisha kutoa simu. Bi Zuhura alipokea zile kelele zikiwa zimepamba moto, nami nilisikia sauti yake ikiuliza kama tumepita arusini.

"Hapana, shangazi," Idrisa akasema. Akanitazama, akatabasamu kwa taabu, kisha kweli kweli. "Ni Mama Brashi. Anabaki."